Mwanao yuko mwaka wa kwanza chuoni? Muulize amekula na nani

Miezi minne ya mwanzo ndiyo huamua kama kijana atatulia chuoni au atapotea kimyakimya. Mzazi aliye mbali bado ana kazi kubwa ya kufanya.

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, magari yanayotoka Kyela kupandisha Tukuyu kwenda Mbeya hubeba abiria wanaotambulika kwa mizigo yao. Wana begi jipya, ndoo yenye mfuniko, blanketi lililofungwa kwa kamba, na bahasha ya vyeti ambayo mwenyewe haiachi mkononi. Hao ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu.

Baadhi yao safari inaishia Mbeya, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) kule Iyunga, Mzumbe kampasi ya Mbeya, Teofilo Kisanji au Chuo Kikuu Katoliki. Wengine wanaunganisha mabasi kwenda Iringa, Morogoro, Dodoma au Dar es Salaam, ambako ni zaidi ya kilomita 900 kutoka nyumbani.

Kwa mzazi wa Ipinda, Ngonga, Ipyana au Matema, siku hiyo inaonekana kama mwisho wa kazi. Ada za sekondari zimelipwa, kidato cha sita kimepita, jina limetoka kwenye orodha ya waliochaguliwa. Majirani wamepongeza. Kilichobaki, wengi wanadhani, ni kusubiri miaka mitatu au minne kisha kwenda mahafali.

Ukweli ni kwamba kijana yuko kwenye kipindi kigumu kuliko vyote vilivyotangulia, na safari hii hakuna mwalimu wa zamu atakayepiga simu nyumbani akiona mambo hayaendi.

Kengele imenyamaza

Fikiria alikotoka. Shuleni kulikuwa na kengele ya kuamka, ya kula, ya kujisomea usiku na ya kulala. Kama alipitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, huko nako filimbi ilimpangia kila saa ya siku yake.

Chuoni anaamka mwenyewe. Siku moja ana vipindi viwili tu, nyingine ana vitano. Ukumbi una wanafunzi mamia, na mhadhiri anaweza kumaliza muhula bila kujua jina lake. Asipohudhuria leo, hakuna anayemfuata bwenini. Uhuru huu ni mtamu kwa wiki mbili za kwanza, kisha unaanza kudai gharama yake.

Mzazi ajue pia jinsi alama zinavyopatikana, kwa sababu ni tofauti na mtihani wa taifa. Katika vyuo vingi, kazi za muhula, yaani majaribio, mazoezi ya kikundi na kazi za kuandika, zinabeba alama 40, na mtihani wa mwisho wa muhula unabeba 60. Maana yake ni kwamba kijana anayesema "nitasoma mitihani ikikaribia" ameshapoteza sehemu ya alama kabla hajaingia chumba cha mtihani.

Wanafunzi wana maneno yao matatu ambayo mzazi anapaswa kuyajua. "Sapu" ni kurudia mtihani wa somo aliloshindwa. "Kari" ni kubeba somo hilo hadi mwaka unaofuata. "Disko" ni kuondolewa chuoni kwa sababu ya matokeo. Kila chuo kina kanuni zake za lini kimojawapo kinamkuta mwanafunzi, na kanuni hizo zimo kwenye kitabu anachopewa wiki ya kwanza, au kwenye tovuti ya chuo. Mwambie akusomee ukurasa huo kwa simu. Atakayefaidika zaidi na somo hilo ni yeye.

Jambo jingine linalowashtua wazazi ni kwamba matokeo ya chuo kwa kawaida hayaji nyumbani. Mwanafunzi anayaona kwenye akaunti yake ya chuo. Anaweza kukuonyesha, na anaweza asikuonyeshe. Ndiyo maana yapo majumba ambayo yaliandaa ng'ombe wa mahafali kwa kijana aliyekwishaacha chuo miaka miwili nyuma. Aibu ndiyo iliyomfunga mdomo, na kila muhula ulivyopita ukweli ulizidi kuwa mzito kuusema.

Wazee wa Unyakyusa walijua kumwachia mtoto

Kumtoa mtoto nyumbani akakae na wenzake si jambo jipya katika bonde hili. Mwanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu kiitwacho Good Company, kinachoeleza vijiji vya rika.

Kwa utaratibu huo wa zamani, mvulana alipofika umri wa miaka 10 au 11 aliacha kulala kwa wazazi. Yeye na wenzake wa umri mmoja walijenga vibanda vyao pembeni na kuanzisha kijiji chao. Hapo walijifunza kile ambacho Wanyakyusa walikiita ukwangala, yaani raha na busara ya kukaa na wenzako: kuzungumza, kula pamoja, kupokea wageni, kusikilizana.

Lakini angalia wazee walivyopanga mambo. Mvulana alilala kijijini kwa wenzake, ila chakula aliendelea kula kwa mama yake. Hakwenda peke yake. Kundi zima lilizunguka, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Na aliendelea kulima shamba la baba yake mpaka alipooa. Aliachiwa usingizi na mazungumzo, lakini jiko na jembe vilibaki nyumbani. Mama aliyempakulia aliona kama amekonda, kama amekasirika, kama leo hakuja.

Leo tunamwachia kijana vyote kwa siku moja. Anashuka kwenye basi akiwa na malazi, chakula, pesa, ratiba na marafiki wa kuwatafuta mwenyewe, mahali ambapo hakuna mama wa mtu yeyote anayehesabu vichwa wakati wa kupakua.

Watafiti wa ng'ambo nao wameligusa jambo hili. Mmarekani Vincent Tinto, aliyeandika kuhusu wanafunzi wanaoacha vyuo tangu mwaka 1975, alieleza kwamba uwezo wa darasani peke yake haumbakizi mwanafunzi chuoni. Anabaki pale anapojiona ni sehemu ya mahali hapo, ana watu wake na ana nafasi yake katika masomo. Asiyepata watu wake hujitoa polepole.

Kwa hiyo swali la "unasoma?" ambalo wazazi wengi huuliza kila simu halina faida kubwa, kwani jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Swali la "leo umekula nini, na nani?" linafungua mengi. Anayetaja majina mawili matatu ya wenzake, leo na wiki ijayo, ameanza kutulia. Anayekula peke yake chumbani kila siku kwa mwezi mzima, huyo anahitaji kuulizwa zaidi, kwa upole.

Bumu: hesabu ya siku 60

Kinachowaangusha wengi mapema ni pesa. Wanaopata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hulipwa fedha ya chakula na malazi, maarufu kwa jina la "bumu". Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 kiwango hicho kilipandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Hutolewa kwa mkupuo wa siku 60, yaani Sh600,000 kwa mara moja.

Kwa kijana ambaye hajawahi kushika Sh50,000 yake mwenyewe, laki sita kwenye akaunti ni utajiri. Simu mpya inamwita. Viatu vinamwita. Marafiki wa siku tatu wanamwita.

Kaa naye mpige hesabu kabla hajaondoka, au kwa simu kama ameshaondoka. Tuseme amekosa bweni na amepanga chumba cha Sh60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Hiyo ni Sh360,000. Zinabaki Sh240,000 za siku 60, sawa na Sh4,000 kwa siku ya kula, nauli, vocha, sabuni na kutoa kopi. Akinunua simu ya Sh200,000, amebakiwa na chini ya Sh700 kwa siku.

Njia rahisi ni hii: siku bumu linapoingia, atoe kodi kwanza, kisha agawanye kilichobaki katika mafungu ya wiki. Fungu la wiki hii likae kwenye simu, mengine yabaki benki. Fungu likiisha Alhamisi, anakula dagaa na ugali na wenzake mpaka Jumatatu. Njaa ya siku tatu akiwa na pesa ya wiki ijayo benki inafundisha kuliko mahubiri.

Mambo mengine mawili ya kujua. Kwanza, bumu haliji siku ya kuripoti. Mwanafunzi husajiliwa na kuhakikiwa kwanza, ndipo alipwe. Mzazi amwandalie pesa ya kula ya wiki kadhaa za mwanzo, hata kama jina lake limo kwenye orodha ya mikopo. Pili, mkopo ni deni la kijana mwenyewe. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi hadi amalize. Akilijua hilo tangu mwaka wa kwanza, atafikiri mara mbili kabla ya kulichezea bumu kwenye mikeka ya mpira.

Kwa familia za Kyela kuna ugumu mwingine, ule wa msimu. Chuo kinafunguliwa wakati mpunga wa mwaka jana umeshauzwa au umebaki wa kula, na shamba jipya linadai kulimwa na kupandwa. Mavuno yako mbali. Mwenye kakao ana nafuu kidogo, lakini naye anasubiri mnada na malipo kupitia chama cha msingi. Mzazi mwenye busara humwambia mwanawe ukweli huu mapema: "Novemba mpaka Machi mkono wangu ni mfupi, nitatuma kiasi hiki tarehe hii." Kiasi kidogo kinachofika kwa tarehe iliyoahidiwa kinamtuliza kijana kuliko kikubwa kisichojulikana kitakuja lini.

Asiyejua lini atapata ndiye anayeingia kwenye mikopo ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo huwapigia simu watu wote walio kwenye simu ya mkopaji na kumwaibisha. Mwambie waziwazi: akikwama, aanze kupiga nyumbani, na hatafokewa.

Blanketi na mchele

Kuna mambo madogo ambayo mtu wa Kyela huyasahau kwa sababu ya hali ya hewa yake. Mwambao wa Ziwa Nyasa ni tambarare na joto, uko chini ya mita 500 na ushee tu kutoka usawa wa bahari. Jiji la Mbeya liko juu kwa takriban mita 1,700. Kijana aliyezoea kulala na shuka moja Matema atatetemeka Iyunga, na ikifika Juni na Julai baridi itakuwa kali kweli. Blanketi zito na sweta viwe kwenye orodha kabla ya viatu vya mtindo.

Mchele nao ni fahari yetu, na kila mama anataka mwanawe aende na ndoo yake. Uliza kwanza anakaa wapi. Mabweni mengi ya vyuo hayaruhusu kupika chumbani, na aliyekutwa na jiko la umeme hupewa adhabu. Kama amepanga nje, mchele na usipa waliokaushwa vizuri ni msaada mkubwa: vinampunguzia matumizi, na vinamletea marafiki. Chumba chenye mchele wa Kyela hakikosi wageni, na hapo ndipo ukwangala wa leo unapoanzia. Watatu wanaochangia, mmoja mchele, mwingine mkaa au gesi, mwingine mboga, wanakula vizuri na kuchungana.

Msaidie pia kupata mlango wa kwanza wa kubisha. Karibu kila chuo kina wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu kutoka Kyela au Rungwe. Kina vikundi vya ibada, vya Kikristo na vya Kiislamu, ambavyo hupokea wageni wiki ya kwanza. Uliza kanisani, msikitini au shuleni alikosoma: nani yuko chuo kile? Namba moja ya simu ya kaka au dada wa mwaka wa tatu itamwonyesha wapi kuna mama ntilie wa bei nafuu, mtaa gani una wezi na somo gani halitaki mzaha.

Binti yako

Vijiji vile vya rika vilikuwa vya wavulana. Msichana wa zamani alitoka kwa wazazi akaenda moja kwa moja kwa mume, tena mapema. Kwa hiyo katika koo nyingi, binti anayekwenda chuo leo ni wa kwanza, au binti wa mmoja wa wa kwanza, kukaa na wenzake wa rika bila baba wala mume. Bibi yake hana cha kumsimulia kuhusu hilo. Mama inabidi atafute maneno mwenyewe.

Maneno hayo yawe ya wazi. Amwambie kwamba atapata wanaume wenye pesa watakaojitolea kumlipia kodi mwezi ambao bumu limechelewa, na kwamba kodi hiyo hudaiwa kwa namna nyingine. Amwambie kwamba anayetaka ngono ili kumpa alama anatenda kosa la jinai: rushwa ya ngono imekatazwa na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na namba ya kutoa taarifa TAKUKURU ni 113, bila malipo. Vyuo navyo vina madawati ya jinsia. Jambo la maana kuliko yote, amwambie kwamba akipatwa na la kupatwa, nyumbani bado ni nyumbani. Binti anayeogopa kufukuzwa na baba yake ni rahisi kutishwa na mtu mwingine yeyote.

Wavulana nao waambiwe. Wanapatwa na upweke na madeni sawa na dada zao, ila wamefundishwa kutosema.

Dalili za kutazama ukiwa mbali

Kijana kukumbuka nyumbani wiki za kwanza ni kawaida, hata akilia kwenye simu. Machozi ya mwezi wa kwanza si sababu ya kumwita arudi. Yanayotia wasiwasi ni mabadiliko yanayokaa.

Tazama haya: anaomba pesa mara kwa mara kwa sababu zisizoeleweka, "ya kitabu" leo, "ya faini" kesho, simu haipokelewi siku kadhaa kisha anajibu kwa ujumbe mfupi tu, analala mchana na kukesha usiku, hataji tena rafiki aliyekuwa akimtaja, hataki kuzungumzia majaribio ambayo wenzake wameshafanya.

Ukiona mawili au matatu kwa pamoja, usianze kwa kufoka. Kijana wa Kyela amelelewa kumheshimu mzazi, na heshima hiyo akiogopa hugeuka ukimya. Tafuta mtu anayemweleza siri, labda shangazi, mjomba au kaka mkubwa, azungumze naye. Kisha mwelekeze kwa mshauri wa wanafunzi wa chuo. Kila chuo kina ofisi hiyo, na kazi yake ni pamoja na malazi, ugonjwa, msiba na msongo wa mawazo. Wanafunzi wengi hudhani ni ofisi ya adhabu, hivyo hawaendi mpaka mambo yaharibike.

Kama mtoto hajapangiwa kozi anayoiweza au anayoipenda, kuna dirisha la kuomba kuhama programu mwanzoni mwa mwaka, nalo hufungwa mapema. Kama anaumwa au familia imepata msiba mkubwa, anaweza kuomba kuahirisha masomo kwa maandishi na kurudi mwaka unaofuata. Anayeahirisha kwa barua ana nafasi yake. Anayeondoka bila kuaga huhesabiwa ametoroka. Mzazi akizijua njia hizi, hatamwambia mwanawe "vumilia tu" pale ambapo kuvumilia kunampeleka kwenye disko.

Kabla ya Februari

Muhula wa kwanza kwa kawaida hukamilika kwa mitihani Februari hivi. Kati ya sasa na wakati huo mzazi anaweza kujipangia ratiba ndogo.

Simu mbili kwa wiki, siku zinazojulikana, zatosha. Moja iwe fupi ya salamu. Nyingine iwe ya mazungumzo, na humo mpe habari za nyumbani bila kuficha: mvua imenyesha, mpunga umepandwa, bibi anaulizia. Kijana anayejua yanayoendelea nyumbani hajioni ametupwa. Mwisho wa Novemba muulize majaribio ya kwanza yalikwendaje, na umwombe akuonyeshe alama, nzuri au mbaya. Akikuonyesha mbaya, mshukuru kwanza kwa kukuonyesha, kisha muulize atafanyaje na nani wa kumsaidia. Sikukuu za mwisho wa mwaka, kama nauli haitoshi kurudi, mtafutie ndugu au mwenyeji wa karibu akale naye siku hiyo.

Na usiku wa kuamkia mtihani wake wa kwanza, usimkumbushe ng'ombe uliyeuza kwa ajili ya ada. Anakumbuka. Mwulize kama amekula, umtakie usiku mwema, ukate simu mapema alale.